Neno la Kusemwa na Neno la Kusitiriwa



Kila mara mtandao wa simu unaponyamazishwa nchini mwetu, maneno ya namna mbili husikika majumbani. Baba husema: "Na waufunge kabisa, maana kile kisimu kinawaharibia watoto adabu." Kijana wake hujibu: "La, baba, kila mtu ana haki ya kusema apendalo, na mtu safi haogopi kutazamwa." Wote wawili husema kwa nguvu, na kila mmoja ana nusu ya haki. Baba adhani kwamba kufunga vinywa vya watu wote ndiko kulinda nyumba. Kijana adhani kwamba uhuru wa kusema ni ruhusa ya kuingia katika kila nyumba bila kupiga hodi. Juma hili yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana si jambo dogo. Katika mji wetu wa Lubumbashi watu wamekufa kwa sababu ya kunyamazishwa, na tena watu wamekufa kwa sababu ya maneno.

Tuanze na mambo yaliyotukia, kwa kuwa haifai kukata hukumu kabla ya kusikia ushahidi.

Mwaka 2011, baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Novemba, serikali iliyaamuru makampuni ya simu kuzuia ujumbe mfupi wa maandishi, na zuio hilo lilidumu zaidi ya majuma matatu. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa. Mabenki yalifunguliwa mapema, bali watu wa kawaida walingoja majuma kadhaa ndipo wakaipata tena mitandao yao ya mazungumzo. Desemba 2016, muhula wa Raisi Joseph Kabila ulipokwisha pasipo uchaguzi, mitandao hiyo ilizuiwa tena. Agosti 2017 likaja agizo la namna ya pekee: makampuni yaliambiwa yapunguze nguvu ya mtandao hata picha zisipite. Maandishi na yaende, picha zibaki.

Tarehe 31 Desemba 2017 jambo hili lilifika mlangoni pa kanisa. Kamati ya walei Wakatoliki, iitwayo Comité Laïc de Coordination, ilikuwa imewaalika waamini watembee kwa amani baada ya misa, ili kudai kwamba mapatano ya tarehe 31 Desemba 2016, yaliyopatikana kwa usuluhishi wa maaskofu, yatimizwe. Siku moja kabla, waziri aliandika amri kwamba intaneti na ujumbe mfupi vikatwe kwa ajili ya usalama wa taifa. Siku ya maandamano, moshi wa kutoa machozi uliingia hata makanisani, na watu waliuawa. Aliyekuwa mbali hakuweza kupata habari za ndugu yake.

Mwaka mmoja baadaye, kesho yake uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima mpaka tarehe 19 Januari 2019. Mshauri mmoja wa Raisi alieleza kwamba walitaka kuzuia matokeo ya uongo yasienee kabla ya tume ya uchaguzi kutangaza yaliyo halali. Sauti ya redio RFI nayo ilizimwa. Katika siku zile zile Baraza la Maaskofu, lililokuwa limetuma watazamaji wapata 40,000, lilisema tarehe 3 Januari kwamba kwa hesabu zake mshindi amekwisha kujulikana wazi, likaiomba tume itangaze kweli. Tume ilipotangaza, usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari, maaskofu walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyakusanya watazamaji wao. Basi, hapa palikuwa na maneno mawili yasiyopatana, na mwananchi aliyetaka kuyapima alikuwa amenyang'anywa mizani.

Watu wengi hudhani kwamba serikali ikitaka kufunga intaneti hukata waya mahali fulani. Sivyo. Makampuni ya simu hufanya kazi kwa kibali cha serikali. Waziri au ofisi yenye mamlaka juu ya simu huandika barua, na mafundi wa makampuni hufunga wenyewe, wakiogopa kupoteza kibali. Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliipa serikali uwezo wa kukataza matumizi ya mawasiliano kwa ajili ya usalama, kwa ajili ya ulinzi wa nchi, tena kwa sababu nyingine yo yote. Mwanafunzi mwenye bidii na azitazame sababu hizo tatu. Mbili za kwanza ni kama ukuta. Ya tatu ni kama tundu ambalo ng'ombe hupita. Sheria mpya ilichukua mahali pake tarehe 25 Novemba 2020, lakini desturi haikufa pamoja na sheria ya kale. Mwisho wa Januari 2025, baada ya Goma kutwaliwa na M23, mitandao ya X na TikTok ilizuiwa katika nchi yetu.

Haya, sasa tuulize: nani aliyeumia? Mwaka 2011 viziwi walilalamika, kwa kuwa ujumbe wa maandishi ndio uliokuwa simu yao. Mwenye masikio aliweza kupiga na kuzungumza, wao walibaki gizani. Mwaka 2019 mama mwenye biashara hakujua kama mzigo wake umekwisha kupita Kasumbalesa. Mgonjwa alimngoja ndugu wa Ulaya aliyeahidi msaada. Mwanafunzi wa chuo alikosa masomo yake. Watu wa Goma walitafuta kadi za simu za Rwanda, wakapanda mahali pa juu kuiwinda mawimbi ya jirani. Mwenye fedha na mpaka karibu alipata njia. Asiye navyo alikaa.

Na uongo je? Uongo ulikoma? Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukifunga redio na magazeti na simu, hujazima midomo, umeondoa tu kile kinachoweza kuusahihisha mdomo. Uvumi haupendi kitu kama unavyopenda giza.

Lubumbashi yajua habari hii kuliko miji mingine. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 watu wenye silaha waliingia katika makao ya wanafunzi wa chuo kikuu chetu, wakawashambulia. Zamani zile hapakuwa na intaneti wala simu za mkononi, na serikali ya Mobutu ilijua kulifunga jambo. Ilikiri kifo cha mtu mmoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ilitaka uchunguzi wa mataifa. Ulipokataliwa, ilisimamisha msaada wake. Miaka mingi imepita, na mpaka leo hakuna hesabu ambayo watu wote wanaikubali. Hayo ndiyo matunda ya kunyamazisha: kweli haikupatikana na uvumi haukuisha. Mzazi aliyempoteza mtoto hakupata hata ile faraja ndogo ya kujua kwa hakika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini ninyi vijana, msishangilie upesi, maana mji wetu una ushahidi wa pili. Miaka miwili tu baada ya usiku ule, katika 1992 na 1993, mkoa wetu, ulioitwa Shaba katika miaka ya Mobutu, ulisikia maneno ya namna nyingine. Wakubwa wa mkoa na vijana wa chama cha UFERI waliwataja jirani zetu wenye asili ya Kasai kwa jina la bilulu, yaani wadudu. Watu waliokuwa wamezaliwa hapa, ambao baba zao waliletwa kujenga reli na kufanya kazi ya migodi, waligeuka wadudu kwa neno moja lililorudiwa katika mikutano. Baada ya neno kulikuja mawe, moto na mapanga. Likasi mwaka 1992, na Kolwezi mwaka 1993, jamaa nzima nzima zililala majuma na miezi kwenye stesheni za reli zikingoja treni ya kuzichukua, na watoto walikufa palepale kwa njaa na maradhi. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu. Basi, nani atathubutu kusema kwamba maneno ni upepo tu?

Twaona, basi, mashahidi wawili wa mji mmoja. Wa 1990 asema: msifunge vinywa. Wa 1992 asema: kuna maneno yanayoua. Je, wanapingana? Tukiwasikiliza vema, hawapingani. Maneno ya 1992 hayakutoka katika barua za siri za watu wadogo. Yalisemwa mchana, mbele ya makutano, na watu wenye madaraka, na hakimu hakuwaita kujibu. Kama serikali ingalikata simu za mkoa mzima, neno lile lingalisemwa vilevile. Kilichokosekana si kifuniko cha vinywa vyote, bali hukumu juu ya kinywa kimoja kimoja kilichowachochea watu kuua. Mipaka ya uhuru wa kusema yapaswa kuwekwa hivyo: mtu aitwe kwa jina lake, aambiwe kosa lake, ajitetee mbele ya hakimu, na watu wote wasikie. Kufungia mji mzima kwa sababu ya mchochezi mmoja ni kama kuziba kisima cha kijiji kwa sababu mtu mmoja ametia sumu katika mtungi wake.

Sasa tuje kwa yule kijana asemaye kwamba mtu safi haogopi kutazamwa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 yampa haki ya kusema mawazo yake katika kifungu cha 23, na haki ya kupata habari katika kifungu cha 24. Lakini na asome mbele kidogo. Kifungu cha 31 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya nyumbani, na siri ya barua zake na ya mawasiliano yake yote. Waliotunga Katiba hawakuona kwamba haki hizi ni maadui. Walizilaza katika kitanda kimoja, kwa kuwa moja haiishi pasipo nyingine.

Kwa nini? Fikirini mgonjwa na mganga wake, au muungamaji na padre. Kama kila aliloungama lingetangazwa sokoni Kenya, nani angefungua kinywa chake? Vivyo hivyo mfanyakazi anayetaka kueleza wizi ulio katika ofisi, au mwanamke anayepigwa nyumbani na kuomba shauri, husema kwa sababu anaamini kwamba maneno yake yatakaa mahali alipoyaweka. Ukiondoa siri ya barua, umeondoa ulimi wa mnyonge. Mkubwa atasema hata hivyo, maana ana walinzi.

Mambo ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera yatufundisha hayo. Alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 katika uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Alishtakiwa kwa ajili ya makala ya jarida la Jeune Afrique juu ya kifo cha mbunge Chérubin Okende, aliyekutwa amekufa Julai ya mwaka ule. Na makala yenyewe haikuwa na sahihi yake. Simu yake ilichukuliwa na kuchunguzwa, ili ijulikane nani alimpelekea nini. Tarehe 18 Machi 2024 alihukumiwa miezi sita, akatoka kesho yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa kifungoni zaidi ya hiyo. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyofungwa kwa kamba moja. Kinywa cha mwandishi kilifungwa, na mlango wa siri zake ulifunguliwa. Kila aliyewahi kumwandikia neno alikuwa na sababu ya kutetemeka.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria kubwa juu ya mambo ya mitandao, iitwayo Code du numérique. Ndani yake mna mema: yadai kwamba habari za mtu zilizowekwa katika mashine zitunzwe, zisiuzwe ovyo. Lakini kifungu cha 360 chatisha kwa kifungo cha mwezi mmoja hata sita, na faini ya franka 500,000 hata milioni moja, yeye aanzishaye au apitishaye habari ya uongo juu ya mtu katika mitandao. Uongo ni uovu, hatuutetei. Bali nani atakayeamua kwamba habari ni ya uongo, siku ile habari yenyewe inapomhusu mwenye fimbo? Sheria iliyotungwa kumlinda mjane dhidi ya masingizio yaweza kugeuka mwavuli wa tajiri dhidi ya maswali. Ndiyo sababu haitoshi kuwa na sheria. Yatupasa pia kuwa na mahakimu wasioogopa.

Hapo nimesema juu ya wakubwa. Tusiwaache nje sisi wenyewe, maana serikali si peke yake inayovunja milango. Mwizi akishikwa Katuba au Ruashi, kabla polisi hajafika, simu kumi zimeinuliwa. Uso wake wenye damu utazunguka Kolwezi, Ndola na Brussels kabla ya chungu cha bukari kuiva. Ajali ikitokea barabarani, mama wa marehemu huona maiti ya mwanawe katika simu kabla ya mtu kumletea habari kwa adabu. Msichana aliyepumbazwa na mvulana akampa picha isiyofaa, akigombana naye, hujikuta ametangazwa kwa shule nzima. Na wale wanaoipitisha picha hiyo husema: "Si mimi niliyeipiga." Hasha! Aliyeipokea na kuipeleka mbele ameipiga mara ya pili.

Zamani masengenyo ya kisimani yalikufa jioni. Picha haifi. Uipelekapo kwa kundi la watu mia, imeandikwa katika simu mia, na kuifuta katika yako hakuifuti katika zile nyingine. Atakapokuwa mama wa watoto, yule msichana atakutana nayo tena.

Je, ni dawa gani? Wengine hudhani hakuna ila kusoma barua za watu au kufunga mtandao. Lakini njia nyingine zipo. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa ufunguo ulio katika simu ya mpelekaji na ya mpokeaji tu, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Uongo ulipozidi kuenea, kampuni iliamua Januari 2019 kwamba mtu asiweze kupitisha ujumbe mmoja kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, ulimwenguni kote. Aprili 2020 ikazidisha: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi usiende ila kwa mmoja mmoja. Fahamuni hekima iliyomo: mwendo wa uvumi ulipunguzwa, bali bahasha ya mtu haikufunguliwa. Yawezekana, basi, kuilinda jamii pasipo kuchungulia dirishani.

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi, kabla ya kupeleka neno au picha, nawapeni maswali matatu ya kujiuliza. La kwanza: jambo hili ni la ofisi au ni la nyumba? Fedha za barabara, mshahara wa walimu, maji yenye sumu ya migodi, kura zilizohesabiwa, hayo ni mali ya watu wote. Yasemwe, na mwenye kazi hiyo atajwe kwa jina. Ugonjwa wa mtu, ndoa yake, mwili wake, machozi yake, hayo ni ya nyumba yake. La pili: atakayeumia ni mwenye nguvu au ni mnyonge? Mwenye nguvu akisemwa vibaya ana redio, ana wakili, ana njia ya kujibu. Mnyonge akisemwa vibaya huhama mtaa. La tatu: najua kwa hakika, au nimepewa tu? Mtu asiyejua alikotoka mtoto hamchukui kumpeleka safarini. Na neno nalo ni hivyo.

Wazazi, msiwe polisi wa simu za watoto wenu usiku wakiwa wamelala, halafu mchana msiwe na nafasi ya kuwasikiliza. Mtoto aliyezoea kuchunguzwa hujifunza kuficha. Aliyezoea kusikilizwa huja mwenyewe siku ya taabu. Ninyi walimu, picha ya aibu ikiingia shuleni, shughulikeni kwanza na walioisambaza, kabla ya kumfukuza aliyeaibishwa.

Na kwa serikali, yo yote ile, mwananchi wa Katanga ana haki ya kuomba mambo matatu wala hajawa mwasi. Mawasiliano ya watu wote yasifungwe kwa barua ya waziri. Anayechochea mauaji ashtakiwe yeye, mbele ya hakimu, wazi. Na simu ya mtu isifunguliwe ila kwa amri ya hakimu, kwa sababu iliyotajwa na kwa muda uliowekwa. Mkubwa anayetaka kujua siri za watu wote, na wakati huohuo hataki matendo yake yajulikane, amegeuza dunia chini juu. Matendo ya mwenye madaraka ndiyo yanayopaswa kuanikwa juani, na nyumba ya mwananchi ndiyo inayopaswa kuwa na pazia.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya karo za shule na deni la jamaa.